Uzi: Kupima kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji, kuanzia kisimani hadi Ziwa Kivu

Mchota_Sampuli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 14 kwenye kazi ya kupima maji: visima, mito, mabwawa, na mara mbili nimefika Ziwa Kivu upande wa Gisenyi, Rwanda. Wiki hii fundi mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp katuma karatasi ya majibu ya maabara akauliza, "Kaboni dayoksaidi imesoma 8, maji haya yanakula bomba au hayali?" Wengine wakajibu yanakula, wengine hayali. Hakuna aliyemuuliza sampuli ilichotwaje. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini nilitumwa kuchukua sampuli kwenye kisima kirefu cha shule moja ya kijijini. Nilichota kwenye bomba la tenki, si mdomoni mwa kisima. Chupa niliijaza robo tatu tu, nikaiweka nyuma ya gari, tukasafiri saa sita juani. Maabara ikapima, ikatoa miligramu 9 kwa lita. Nikaiandikia kamati ya maji kwamba hakuna tatizo, wafunge mabomba ya chuma. Hata miaka miwili haikutimia, bomba la kupandishia maji likatoboka kama chujio, maji yakawa yanatoka na rangi ya kutu, pampu ikasimama. Wanafunzi wakarudi kuchota mtoni. Nilipokwenda kupima upya palepale kisimani nilipata zaidi ya 50. Maabara haikukosea hata kidogo. Ilipima kwa usahihi maji ambayo gesi yake ilikuwa imeshatoka njiani.

Gesi hii haikai kwenye maji kama chumvi. Ikae au itoke inategemea mgandamizo ulio juu yake, joto, na kama kuna hewa ya kukimbilia. Maji yaliyokaa wazi hadi yakalingana na hewa ya leo, yenye sehemu kama 420 kwa milioni, hubaki na takriban miligramu 0.6 tu kwa lita kwenye joto la nyuzi 25. Maji ya kisima yanaweza kuwa na mara mia ya hapo, kwa sababu huko chini yamepita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua bila kukoma. Yakitoka tu yanaanza kupumua na yenyewe. Ukiyamimina kwenye ndoo yakapiga kelele, umeshapoteza sehemu kubwa.

Utaratibu ninaoufuata mimi sasa ni huu. Nasukuma kisima mpaka joto la maji na pH vitulie. Mpira mwembamba unatoka mdomoni mwa kisima hadi kwenye kitako cha chupa, maji yanapanda polepole kutoka chini bila kuchuruzika, na naacha yafurike mara mbili tatu ya ujazo wa chupa. Natoa mpira taratibu, nafunika bila kuacha hata punje ya hewa, naigeuza chupa kuhakikisha hakuna povu. Kisha napima hapo hapo, kivulini, sio kesho.

Kipimo cha kawaida cha uwandani ni taitresheni, yaani kudondosha dawa kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike. Chukua mililita 100 za maji, tia matone ya fenolfthalini, halafu ongeza haidroksaidi ya sodiamu yenye nguvu ya 0.0227 N mpaka ije rangi ya waridi hafifu inayodumu kama nusu dakika, yaani umefika pH ya 8.3. Kila mililita 1 uliyotumia ni miligramu 10 za kaboni dayoksaidi kwa lita. Koroga kwa upole. Ukitikisa kwa nguvu unaifukuza gesi unayotaka kuihesabu. Kama maji yana chuma kingi kilichoyeyuka au asidi nyingine, namba itapanda isivyo halali, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Maswali karibuni.

---

Kambale_Ndefu (Mwanza)

Asante mkuu, uzi mzuri. Mimi nafuga sato na kambale kwenye mabwawa ya udongo. Nina mita ya pH nzuri tu. Sasa kwa nini nisisome pH nikajua kaboni dayoksaidi moja kwa moja? Maana ikiongezeka pH inashuka, si ndiyo?

---

Mchota_Sampuli

Inashuka, ndiyo, lakini pH peke yake haikwambii kiasi. Inakuambia uwiano kati ya kaboni dayoksaidi na bikaboneti. Ngoja nikupe maji mawili, yote yana pH 7.0 kamili. Ya kwanza ni ya mto wa mlimani, laini, ualkali wake (uwezo wa maji kumeza asidi) ni miligramu 20 kwa lita kwa kipimo cha kalisi kaboneti. Ya pili ni ya kisima chenye chokaa, ualkali 400. Ukipiga hesabu, ya kwanza yana kama miligramu 4 za kaboni dayoksaidi kwa lita. Ya pili yana karibu 79. Mita yako inasoma namba ileile kwa yote mawili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawa ualkali kwa 50 upate milimoli. Zidisha kwa 10 iliyopandishwa kwa kipeo cha (6.35 toa pH). Hizo ni milimoli za kaboni dayoksaidi. Zidisha kwa 44 upate miligramu. Hiyo 6.35 ni kwa joto la nyuzi 25, joto likibadilika nayo inasogea kidogo. Inafaa kwa maji ya pH ya chini ya 8.3 hivi.

Ila sikiliza hapa. Mita ikikosea pH kwa 0.1 tu, jibu lako linakosea kwa robo nzima. Ikikosea kwa 0.3, umeandika maradufu au nusu ya ukweli. Kwa hiyo bafa za pH 4 na 7 (vimiminika vya kusahihishia mita) zisikae mwaka mzima kabatini, na elektrodi isiachwe ikauke.

Na kwa bwawa lako, ndugu, saa ya kupima ni sehemu ya kipimo. Usiku mwani na samaki wote wanapumua, hakuna jua la kuitumia gesi. Alfajiri kaboni dayoksaidi iko juu kabisa na oksijeni iko chini kabisa, na hivyo viwili vikikutana ndipo samaki wanapanda juu kuhema. Saa 9 mchana mwani umeila karibu yote na pH inaweza kufika 9. Anayepima saa 9 mchana akasema bwawa ni salama hajaliona bwawa.

---

Kambale_Ndefu

Nimekuelewa mkuu. Mimi napimaga saa 4 asubuhi baada ya kulisha. Kuanzia kesho naamka mapema.

---

BintiWaMto (mwanafunzi, Kisangani)

Shikamoo mwalimu. Nina swali kuhusu hiyo hesabu ya pH na ualkali. Kwetu kuna mito ya maji meusi, rangi kama chai isiyo na maziwa. Mto Ruki unaoingia Mto Kongo pale Mbandaka ndio unaojulikana zaidi. Tulipiga hesabu kwa njia hiyo tukapata namba kubwa mno, halafu tulipopima gesi yenyewe kwa sirinji tukapata ndogo zaidi. Nani mwongo?

---

Mchota_Sampuli

Marahaba binti yangu. Sirinji iko karibu zaidi na ukweli. Hilo swali ni la maana sana.

Ule weusi ni asidi za majani na mizizi iliyooza msituni. Unapopima ualkali kwa kudondosha asidi, hizo nazo zinakula sehemu ya asidi yako, na wewe unaihesabu kana kwamba ni bikaboneti. Tena maji hayo yana pH ya chini na bikaboneti kidogo sana, kwa hiyo kosa dogo kwenye ualkali linakuzwa mara nyingi. Na mita ya pH kwenye maji yenye chumvi kidogo namna hiyo inayumba, haitulii. Kwa maji meusi hesabu ya pH na ualkali iacheni kabisa, pimeni gesi moja kwa moja.

Kwa wasiojua njia ya sirinji: unavuta mililita 30 za maji bila povu kwenye sirinji ya mililita 60, unavuta na mililita 30 za hewa, unafunga koki, unatikisa dakika kadhaa mpaka gesi igawane kati ya maji na hewa. Halafu ile hewa unaisukumia kwenye kichupa kilichotolewa hewa au moja kwa moja kwenye kichambuzi cha mionzi ya infraredi. Kutokana na joto la maji unarudisha hesabu nyuma kujua kilichokuwamo. Hapa kutikisa ndiyo kazi yenyewe, tofauti na kwenye taitresheni. Mambo mawili watu husahau. Moja, lazima upime pia hewa uliyoivuta, maana ukiivuta karibu na moshi wa injini ya mtumbwi au karibu na pumzi yako, umeongeza gesi isiyo ya mto. Pili, kwenye maji yenye ualkali mkubwa na gesi kidogo, wakati unatikisa bikaboneti nayo inajigeuza kuziba pengo, kwa hiyo unahitaji kujua ualkali ili kusahihisha.

---

MtotoWaZiwa (Goma)

Jambo kwenu wote. Miye ni mtu wa Goma. Huku kwetu habari hii siyo ya bomba, ni ya uhai. Tuna mazuku, zile sehemu za bondeni ambako gesi hii inatoka ardhini na kutulia kama maji. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anaingia anaanguka, mtoto anaingia kumfuata. Tumezika watu.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Mwezi wa tano 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, siku chache baadaye tuliambiwa tuondoke mjini kwa sababu magma imepita chini ya mji kuelekea ziwani na gesi inaweza kutoka. Nilitembea na mama yangu kwa miguu hadi Sake, umati wote barabarani. Tangu siku ile najiuliza: wanajuaje gesi ni kiasi gani kule chini? Nani amefika?

---

Mchota_Sampuli

Pole sana ndugu yangu, wewe na mama. Swali lako ndilo lililonipeleka Gisenyi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza kwa nini watu wanaogopa. Tarehe 15 Agosti 1984 Ziwa Monoun huko Kamerun lilitoa gesi, watu 37 wakafa. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos, nchi hiyohiyo, likatoa kaboni dayoksaidi usiku, ikashuka mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, ikaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Maziwa yale ni madogo. Kivu ni kubwa, kina chake kinafika mita 485, na ziwa linakadiriwa kushikilia kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, kama ungezitoa zikae kwenye mgandamizo wa hewa ya kawaida.

Sasa ajabu ya ziwa lenu ni hii. Maji ya juu, yale mnayoogelea na kuvua sambaza, yana pH ya juu ya 9 na kaboni dayoksaidi inayokaribiana na ile ya maji yaliyokaa wazi hewani. (Ghuba ya Kabuno ni kisa kingine, huko hata juu gesi iko juu sana.) Ukipima juu tu utasema ziwa hili ni safi. Lakini chini maji ni ya chumvi na mazito zaidi, yamejipanga tabaka juu ya tabaka, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Karibu na mita 260 kuna ngazi kubwa kuliko zote kati ya tabaka hizo, na chini yake gesi imejikusanya kwa karne nyingi. Huko chini kabisa lita moja ya maji ina zaidi ya lita mbili za gesi ndani yake.

Fikiri sasa umeteremsha chupa ya kawaida ya kuchotea mpaka mita 400. Imefunga vizuri. Unaanza kuivuta. Huko mgandamizo ulikuwa mara 40 ya hapa juu, na kila mita unayopanda unapungua. Kabla hujafika juu gesi inaanza kuchemka ndani ya chupa, inasukuma vifuniko, inatoka. Kinachofika kwenye boti ni masalio. Mara ya kwanza kuliona hilo kwa macho nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka chupa yangu ya ile shule. Ni kosa lilelile, ila hapa ni kubwa mara nyingi.

Kwa hiyo wenye ujuzi wakabuni njia. Mojawapo ni mfuko usiopitisha gesi wenye koki. Unashuka ukiwa mtupu umesinyaa, koki inafunguliwa kwenye kina unachotaka, unaingia maji kiasi kidogo tu, koki inafungwa. Ukipanda, gesi ikitaka kutoka inatoka, lakini ndani ya mfuko, kwa sababu nafasi imeachwa makusudi. Juu unapima ujazo wa gesi, unachambua ni nini, na unapima pia ile iliyobaki ndani ya maji. Hakuna kilichopotea. Njia nyingine ni mpira mrefu unaopandisha maji ya chini hadi kwenye kichambuzi botini. Ukishayaanzisha yanapanda yenyewe, mapovu ndiyo yanayoyasukuma. Na ipo ya kuteremsha kifaa chenyewe, chenye utando unaoruhusu gesi kupita na kuzuia maji, kikapima hukohuko chini.

Kuna kitu kimoja kuhusu Kivu kilichonishangaza. Kaboni dayoksaidi ni nyingi mara kadhaa kuliko methani, lakini mgandamizo mkubwa unatokana na methani. Sababu ni kwamba kaboni dayoksaidi inayeyuka kwa urahisi, maji yanaivumilia. Methani maji hayaipendi, kidogo tu inasukuma sana. Kwa hiyo kihisi cha mgandamizo wa gesi zote kitakuambia ziwa liko mbali au karibu na kuchemka kiasi gani, lakini hakitakuambia kaboni dayoksaidi ni ngapi. Hiyo lazima uipime kivyake.

Na jibu la swali lako: ndiyo, wamefika kwa vifaa. Mjerumani Klaus Tietze alipima kwa uangalifu miaka ya 1970. Vipimo vya mwaka 2003 na 2004 vilionyesha methani imeongezeka kwa asilimia hadi 15 tangu wakati ule, watu wakaingiwa na hofu. Mwaka 2018 timu za Uswisi, Ujerumani, Ufaransa na Rwanda zikaenda ziwani pamoja, kila moja na njia yake, zikapima maji yaleyale. Namba zilikaribiana, na hazikuonyesha ongezeko lile lililoogopwa. Gesi iko karibu na ilivyokuwa miaka ya 1970. Mgandamizo wake pale ulipo mkubwa zaidi ni kama nusu ya kiasi kinachohitajika ili maji yaanze kuchemka yenyewe. Nusu iliyobaki ndiyo nafasi mliyonayo, na ndiyo maana mwaka 2021 mliambiwa mwondoke: magma chini ya ziwa ingeweza kuyasukuma maji ya chini juu hadi mahali ambapo nusu ile haipo.

---

MtotoWaZiwa

Aksanti sana, mkubwa. Nimemsomea mama yote, nikimfafanulia. Anauliza: ile lava ya 2002 iliingia ziwani kabisa, tuliiona ikivukiza. Mbona gesi haikutoka?

---

Mchota_Sampuli

Mpe mama shikamoo yangu. Lava ile ya Januari 2002 iliingia kutoka pwani, na wapimaji walipokwenda baadaye walikuta tabaka za chini hazikuvurugika, haikuzifikia kwa nguvu. Anachokiogopa kila mtu ni mlipuko chini ya ziwa lenyewe, sio lava inayotiririka kutoka juu.

---

Bomba_Mkongwe (Morogoro)

Ndugu mwanzisha uzi, kwa heshima, vifaa vya Kivu sisi hatutavipata. Mimi nachimba visima, nina mita ya pH na kisanduku kidogo cha taitresheni. Maabara iko kilomita 180. Nifanyeje nisirudie kosa lako?

---

Mchota_Sampuli

Mzee wangu, hicho ulicho nacho kinatosha. Tena kuna jambo moja la kukurahisishia: kaboni dayoksaidi ikitoka, pH inapanda, lakini ualkali haubadiliki, mradi chokaa isianze kuganda ndani ya chupa. Kwa hiyo pH na taitresheni ya gesi fanya kisimani, dakika ileile. Chupa ya ualkali jaza pomoni, iweke penye baridi, ipeleke maabara kilomita zako 180. Ukichukua pH ya kisimani na ualkali wa maabara ukapiga hesabu niliyoiweka juu, unapata kipimo cha pili cha kulinganisha na taitresheni. Zikikubaliana, umepata. Zikitofautiana sana, ama mita imelewa, ama kuna chuma au asidi nyingine.

Usiruhusu karatasi ya maabara ikuandikie pH ya maabara kana kwamba ni ya kisima. Waombe waandike saa ya kuchota na saa ya kupima.

Vifaa vya kuzamisha vyenye kihisi cha infraredi nyuma ya utando vipo pia, vinafaa kwa anayetaka kuacha kifaa mtoni siku nzima. Ni ghali, vinachukua dakika kadhaa kutulia, na utando ukiota ute wa kijani unapima pumzi ya ute badala ya mto. Kwa kisima huvihitaji.

---

Fundi_Rungwe

Naongezea kidogo. Sisi huku Rungwe kaboni dayoksaidi inachimbwa ardhini kama biashara, na chemchemi zinabubujika baridi. Wanaopima visima ukanda wa volkano msiiname kwenye shimo wala kuingia chemba ya kisima bila kupitisha hewa kwanza, hata kama mmekuja kupima maji tu. Ile mililita moja mnayoitafuta kwenye bureti (mrija wa kupimia dawa ya taitresheni) iko pia kwenye hewa ya chini ya shimo.

---

Mchota_Sampuli

Sahihi kabisa kaka. Na mtu asishuke kumfuata mwenzake aliyeanguka. Ndivyo wanavyokufa wawili.

---

Bomba_Mkongwe (siku 9 baadaye)

Nimerudi na majibu. Kisima cha mita 74, tumekisukuma saa moja na nusu. Mdomoni mwa kisima pH 6.3, mililita 100 zimekula mililita 6.1, yaani 61. Maji yaleyale nimeyatia kwenye dumu nusu, nikalipakia kwenye pikipiki, nikazunguka nalo saa tatu. pH imekuwa 6.9, na taitresheni mililita 1.6, yaani 16. Maabara imenipa ualkali 60.

---

Mchota_Sampuli

Ngoja. Ualkali 60 ni milimoli 1.2. Kwa pH 6.3 hesabu inatoa kama 59. Wewe umepata 61. Kwa pH 6.9 hesabu inatoa 15, wewe 16. Mzee wangu, umepima vizuri kabisa, na hilo dumu limekuonyesha mwenyewe robo tatu ya gesi ilivyobaki barabarani.

Kisima hicho usitie chuma. Weka bomba la plastiki la kupandishia, na kabla ya tenki yaruhusu maji yaanguke kwenye sinia zenye matundu yapumue huko, kisha upime tena baada ya sinia. Tuletee na hiyo namba.

---

Bomba_Mkongwe

Sinia zinachomelewa kesho kutwa. Nitapima kabla na baada.